Bekapu ya simu: njia nne nilizozilinganisha kwa siku ya kurudisha

Baba alikuwa hapendi kuandika. Alikuwa anabonyeza maikrofoni ya WhatsApp na kusema mambo mafupi: nimefika Dumila salama, mahindi yameshapakiwa, mwambie mama yako dawa zangu ziko kabatini. Alipofariki, mwezi wa saba, nilizihesabu sauti zile zikawa 43. Mwezi uliofuata simu yangu iliingia maji, ikazima na haikuwaka tena. Sikushtuka sana, maana kila asubuhi programu ya bekapu iliyokuja na simu ile ilikuwa inanionyesha tiki ya kijani na neno "Imekamilika", na bekapu yenyewe ilikuwa kwenye memori kadi ambayo fundi aliitoa nzima kabisa.

Nikanunua simu ya kampuni nyingine, kwa kuwa ndiyo niliyoimudu. Kadi ikaingia, nikafungua, nikakuta faili moja la GB 11 ambalo simu mpya haikulijua. Nikaazima kwa jirani simu ya kampuni ileile ya mwanzo. Hiyo ikalitambua, ikazunguka dakika kadhaa, kisha ikaandika kwamba bekapu imetengenezwa na toleo jipya kuliko la simu hii. Bekapu ya pili, ya mtandaoni, ilikuwa imesimama tangu Februari kwa sababu nafasi ilijaa, na taarifa ya kujaa nilikuwa naifuta kwa kidole kila inapotokea. Sauti zilizorudi ni 17, zote za kabla ya Februari.

Kwa hiyo mtu akiniuliza bekapu gani ni nzuri, mimi humuuliza kwanza habari za siku ya kurudisha. Siku ya kuhifadhi kila programu ni nzuri: unabonyeza, inahesabu asilimia, inatoa tiki. Siku ninayoitumia kulinganisha ni ile umeshika simu mpya, ya zamani haipo, bando ni dogo, na kioo kinakuuliza swali. Ni swali gani hilo? Jibu lake liko wapi? Na ukishalijibu, kitarudi nini na nini hakitarudi?

Nina duka la steshenari hapa Morogoro. Watu huja kuchapa vyeti, risiti na barua kutoka kwenye simu zao, na wengine huja siku simu ishakufa. Nitalinganisha njia nne ninazoona wanazitumia kweli: akaunti ya Google, bekapu ya WhatsApp yenyewe, memori kadi au flashi, na kompyuta. Karibu wote wana Android, basi humo ndimo nitakamokaa zaidi.

Akaunti ya Google

Hii ndiyo inayorudisha vitu vingi vya aina tofauti kwa mkupuo. Majina uliyoyahifadhi kwenye akaunti, SMS, orodha ya simu ulizopiga na kupokea, mipangilio, na orodha ya programu ulizokuwa nazo ili zishuke zenyewe. Picha zina mlango wao, Google Photos, unaowashwa peke yake.

Shida ya kwanza kwetu ni kwamba bekapu hii inafanyika yenyewe simu ikiwa kwenye chaji, haitumiki, na ipo kwenye wifi. Mtu asiye na wifi nyumbani anaweza kukaa miezi akidhani analindwa. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya bekapu, usome tarehe ya mwisho. Kama ni ya zamani, bonyeza mwenyewe kitufe cha kuhifadhi sasa. Ukitumia hotspoti ya simu ya mwenzio, simu yako huweza kuutambua kama mtandao wa kupimwa, yaani wa bando linalohesabiwa, na ikagoma kupandisha kitu. Kwenye mipangilio ya wifi hiyo kuna sehemu ya kuchagua kama mtandao unapimwa au haupimwi. Chagua haupimwi, huku ukijua bando la mwenzio ndilo linaloliwa.

Shida ya pili ni mipaka isiyoonekana. Data ya programu moja inayohifadhiwa kwa njia hii haizidi MB 25, na mtengenezaji wa programu anaweza kuikataza kabisa. Ndiyo maana programu ya benki hurudi kama ngeni na kukutaka uanze usajili upya. Majina uliyoyaweka kwenye laini hayamo. Na usipoitumia simu hiyo kwa siku 57, bekapu yake inafutwa. Nasisitiza hili la siku 57 kwa sababu tabia yetu ni simu ikifa tunaiweka kabatini "mpaka nipate hela", na hela inaweza kupatikana baada ya miezi minne. Kama simu imekufa leo, azima simu hata ya siku moja, ingia na akaunti yako, rudisha yanayorudi.

Nafasi ya bure ni GB 15, nayo ni chungu kimoja: barua pepe, faili za Drive na picha vyote vinakula humo. Zamani picha za ubora wa kawaida zilikuwa hazihesabiwi, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inayopanda inahesabiwa. Halafu, Google Photos ikiwashwa huchukua picha za kamera tu. Picha zilizoingia kwa WhatsApp, zile za risiti za benki na vyeti vya watoto, ziko kwenye folda nyingine ambayo lazima uiwashe wewe. Nimeona watu wazima wakilia hapa kaunta kwa ajili ya folda hii moja.

Na kuna kosa la kidole linalowagharimu wengi. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, inafutwa kwenye simu na kule juu pia. Mtu anaona simu imejaa, anajisemea "si ziko mtandaoni", anafuta mia tatu. Kitufe kinachofaa ni kile cha kuachia nafasi, ambacho huondoa kwenye simu zile tu zilizokwisha kupanda na kuziacha juu zilivyo. Kama umeshakosea, kimbilia kikapu cha taka: picha iliyokuwa imepanda hukaa humo siku 60.

Sasa siku ya kurudisha. Unaulizwa barua pepe na neno la siri, na nusu ya wanaokuja kwangu wamekwama hapo, kwa sababu akaunti walifunguliwa na aliyewauzia simu. Ukipita, huenda ikatumwa namba ya uthibitisho kwenye laini yako, na laini ndiyo imepotea na simu. Itabidi kwanza uende kwa wakala kuirudisha, alama za vidole na namba ya NIDA mkononi. Ukipita na hapo, utaulizwa PIN au mchoro wa kufungulia kioo cha simu ya zamani, kwani tangu Android 9 bekapu imefungwa kwa siri hiyo. Kisha kuna jambo la toleo: bekapu iliyotoka kwenye simu ya Android mpya hairudi kwenye simu ya Android ya nyuma zaidi. Anayetoka simu ya Android 14 akanunua ya mkono wa pili yenye Android 11 hapati kitu kutoka kwenye bekapu hiyo.

Dawa ya lile la laini ninayo, na ni ya karatasi. Aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google anaweza kutoa namba za akiba, kumi kwa mara moja, kila moja ina tarakimu nane na hutumika mara moja tu. Zichape, ziweke kwenye bahasha pamoja na kadi ya nyumba au cheti cha kuzaliwa. Namba hizo zinakuingiza bila kungoja laini.

WhatsApp yenyewe

Kwa wengi wetu simu ni WhatsApp. Kikoba kimo humo, oda za wateja zimo humo, msiba uliratibiwa humo. Na bekapu yake ni kitu tofauti na ile ya simu nzima, ijapokuwa zote zinapanda kwenye akaunti ileile ya Google. Mtu anaweza kuwa na moja na asiwe na nyingine.

Kubwa lililobadilika ni nafasi. Kwa miaka kadhaa bekapu ya WhatsApp kwenye Android ilikuwa haili chochote katika zile GB 15. Katika nusu ya kwanza ya 2024 hilo likafika mwisho kwa watumiaji wote, na sasa inahesabiwa pamoja na barua pepe na picha. Matokeo yake ni kimya cha hatari: nafasi inajaa, bekapu inasimama, na WhatsApp inaendelea kufanya kazi vizuri tu. Kama ya kwangu ilivyosimama Februari.

Cha kufanya ni kuzima video kwenye mipangilio ya bekapu. Video za magrupu ndizo zinazonenepesha kila kitu, na nyingi hutazitazama tena. Nimemsaidia fundi cherehani mmoja kushusha bekapu yake kutoka GB 9 hadi chini ya GB 2 kwa kuzima hicho kimoja na kufuta maudhui ya magrupu mawili. Bado vipimo vyote vya wateja wake vimo. Kumbuka tu kwamba GB unazopandisha leo ndizo GB utakazozishusha siku ile, kwa bando lako.

Siku ya kurudisha, WhatsApp inataka vitu viwili vikutane: namba ileile ya simu, na akaunti ileile ya Google iliyohifadhi. Ukiwa na namba bila akaunti, au akaunti bila namba, hutaona bekapu. Na inataka viwepo palepale unapoisajili upya, siyo baadaye.

Hapo ndipo penye hatari kuliko zote nilizozitaja. Mwezi wa tatu alikuja mama mmoja, kijumbe wa mchezo wa akina mama ishirini, simu yake mpya ikiwa kwenye boksi bado. Laini alishairudisha. Tukasajili, kioo kikaonyesha bekapu imepatikana, tarehe ya juzi, GB 3.2, na vitufe viwili: kurudisha na kuruka. Bando alilokuwa nalo ni MB 500. "Niruke kwanza, mwanangu, nitairudisha jioni nikinunua bando," na kidole kikawa njiani. Nilimshika mkono. Kwenye akaunti WhatsApp huweka bekapu moja tu, ya mwisho. Ukiruka, unaanza na chati tupu, na bekapu mpya ikipanda usiku inaifunika ile ya zamani. Aliyekwisha kuruka bado ana mwanya: aifute programu na kuisakinisha upya kabla bekapu mpya haijapanda. Mama yule tuliifunga simu vilevile, akaenda kwa binti yake mwenye wifi kazini, akarudisha huko. Orodha ya wanaodaiwa mchezo ilirudi na majina yote.

Kuna nakala nyingine ambayo wachache wanaijua. Kila usiku saa nane WhatsApp huandika bekapu ndani ya simu yenyewe, na hukaa nakala za siku kadhaa za mwisho, hadi saba. Hizi hazihitaji intaneti kutengenezwa. Ukinakili folda nzima ya WhatsApp kutoka simu ya zamani na kuiweka mahali palepale kwenye simu mpya kabla ya kusajili, programu itaikuta na kukuuliza kama urudishe. Njia yake ni folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Kwa mwenye bando dogo hii ni njia bora kuliko ya mtandaoni, ila inadai simu ya zamani iwe inawaka.

Tangu 2021 unaweza pia kuifunga bekapu ya mtandaoni kwa neno lako la siri, au ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Ukiifunga hivyo, hakuna wa kuifungua isipokuwa wewe, wala WhatsApp, wala Google. Mwanasheria, nesi, mwandishi wa habari: fungeni. Ila mtu anayesahau neno la siri la barua pepe kila baada ya miezi miwili ninamshauri aache, kwa sababu ukilisahau hili hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Anayehama kutoka Android kwenda iPhone ajue kwamba bekapu ya upande mmoja hairudi upande mwingine. Moja iko Google, nyingine iCloud, na haziongei. Kuhama kunafanyika simu zote mbili zikiwa hai mezani, kwa utaratibu wa kuhamisha wakati iPhone inawashwa mara ya kwanza. Usiuze ya zamani mpaka umeiona chati ya mwisho kwenye mpya.

Memori kadi na flashi

Njia hii haikuulizi chochote siku ya kurudisha: barua pepe, laini, PIN, bando, vyote havihusiki. Unachomeka, unafungua, unaona. Kwa hilo pekee naipenda kuliko zote, na ndiyo iliyoniumiza, kwa hiyo niieleze vizuri.

Kosa langu lilikuwa kuwaachia programu wafungashe. Programu ya bekapu ilichukua vitu vyangu vyote ikavifunga kwenye faili moja ambalo yeye tu anajua kulifungua. Ningekuwa nimenakili folda zilivyo, kadi ileile ingetosha. Sauti za WhatsApp ni faili za kawaida kabisa. Zinakaa kwenye folda ya Voice Notes, kila wiki na folda yake ndogo, na jina la faili linaanza na PTT, likafuata tarehe, likaishia na opus. Simu yoyote yenye programu ya VLC inazipiga. Sauti za Baba zilikuwa zinasomeka kwa tarehe zake, faili kwa faili, mpaka pale nilipoziweka kwenye mfuko uliofungwa. Basi nakili vitu vikiwa wazi: folda ya DCIM ya picha za kamera, folda ya WhatsApp niliyoitaja, folda ya nyaraka na ile ya vilivyoshushwa. Majina ya simu, fungua programu ya majina, chagua kuhamisha, utapata faili dogo la vcf ambalo simu yoyote inalisoma.

Sasa maovu ya kadi. La kwanza ni kadi bandia. Imeandikwa GB 256, simu inaonyesha GB 256, kumbe ndani ni 8 au 16. Kijisehemu kinachoisimamia kadi kimedanganywa ukubwa, na ukipita ule wa kweli, vipya vinaandikwa juu ya vya zamani au havikai popote. Majina ya faili unayaona, picha hazifunguki. Kabla ya kuiamini kadi mpya ipeleke kwenye kompyuta ya Windows, uipime na H2testw, programu ya bure inayoijaza yote na kuisoma tena. Inachukua saa, lakini haikisii.

La pili ni swali ambalo simu nyingi huuliza ukichomeka kadi: utumie kama hifadhi ya kubebeka au kama sehemu ya simu? Utaratibu huu uliingia na Android 6, mwaka 2015. Ukichagua sehemu ya simu, kadi inafungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu hiyohiyo, na simu ikifa, kadi haisomeki popote duniani. Kwa bekapu chagua hifadhi ya kubebeka, kila mara.

La tatu, kadi iliyo ndani ya simu inaondoka na simu. Mwizi habagui. Ndiyo maana siku hizi naipendelea flashi yenye kichwa cha aina ya C, au flashi ya kawaida na kiunganishi cha OTG, kile kidogo cha kuiunganisha na simu: unachomeka Jumapili, unanakili, unachomoa, unaitia kabatini. Kama flashi inagoma kupokea video ndefu, angalia mfumo wake wa kupangia faili. FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT kabla hujaweka kitu.

Ubaya wa mwisho ndio uleule uzuri wake. Isiyokuuliza wewe haimuulizi na mwingine. Picha za faragha na vitambulisho kwenye flashi iliyodondoka daladala ni vya yeyote aliyeiokota.

Kompyuta, na vitu viwili vya pembeni

Kwenye kompyuta sina mengi. Kama una yako, ni flashi kubwa, na inafaa sana kwa anayepiga picha nyingi. Kunakili kwa waya hukwama faili zikiwa maelfu, kwa hiyo chukua folda kidogo kidogo, na ukimaliza linganisha idadi ya faili pande zote mbili. Usinakili kwenye kompyuta ya duka, hata langu. Wenye iPhone, ambao bure wanapewa GB 5 tu za iCloud, hapa ndipo pao: bekapu kamili ya kompyuta haina kikomo ila diski yenyewe. Weka tiki ya kuifunga kwa neno la siri, kwani isiyofungwa haibebi maneno ya siri yaliyohifadhiwa wala data za afya.

SMS za miamala zinastahili neno. Pesa haikai kwenye simu, iko kwa mtoa huduma, na laini ikirudi salio linarudi. Lakini ujumbe ule ndio ushahidi wako kwa mwenye nyumba anayesema hukulipa. Programu ya SMS Backup & Restore huziandika kwenye faili la XML unaloweza kuliweka kwenye flashi, na hata bila kulirudisha linasomeka kwa macho. Ukitaka ziingie kwenye simu mpya, itakuomba iwe programu yako kuu ya SMS kwa muda. Ndivyo Android inavyodai kwa programu yoyote inayoandika SMS. Ikimaliza, rudisha ile ya zamani.

Wengine hujitumia vitu Telegram, kwenye sehemu ya ujumbe uliohifadhiwa. Kwa nyaraka kumi au ishirini ni sawa, faili moja laweza kufika GB 2 bure, na vinarudi ukiingia na namba. Tuma picha kama faili, la sivyo inapunguzwa ubora. Ila havijafungwa kwa namna ambayo wewe peke yako ndiye mwenye ufunguo, kwa hiyo nakala ya kitambulisho chako usiiweke huko.

Wewe uchague ipi

Kama una bando dogo na simu moja, anza na flashi, folda zikiwa wazi, mara moja kwa wiki. Ongeza bekapu ya WhatsApp ya mtandaoni bila video, mara moja kwa mwezi, siku utakayokuwa na wifi. Google iache ibebe majina na SMS tu. Picha zisipande, ili zile GB 15 zisijae.

Mfanyabiashara anayepokea oda kwa WhatsApp aweke bekapu ya kila siku, bila video, na akaunti ya Google isiyotumika kwa kitu kingine. Chungu kisichochangiwa hakijai ghafla.

Mwenye wifi na kipato cha kununua nafasi zaidi awashe vyote vya Google, folda ya picha za WhatsApp ikiwemo, na kwake kazi kubwa ni ile bahasha ya namba za akiba. Bado ningemwomba awe na flashi.

Mzazi wako kijijini, mwenye simu uliyomnunulia wewe: usimwachie chochote cha kukumbuka. Ukienda likizo, chomeka flashi, nakili, ondoka nayo. Andika barua pepe yake, neno lake la siri na PIN yake kwenye daftari lako, mbele yake na kwa ridhaa yake.

Programu ya bekapu iliyokuja na simu itumie siku moja tu: siku unapohama kutoka simu moja kwenda nyingine ya kampuni ileile, zote zikiwaka. Kwa kazi hiyo ni nyepesi na ya haraka. Kwa kutunza miaka, mimi sitaigusa tena.

Na yoyote utakayoichagua, ijaribu wikiendi hii. Chukua flashi, ichomeke kwenye simu ya ndugu yako na siyo yako, fungua picha tatu za miaka tofauti na sauti moja. Kwa Google, ingia kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini kwa dirisha la faragha, bila kutazama popote, uone kama neno la siri unalikumbuka, kisha toka. Kwa WhatsApp, fungua sehemu ya bekapu usome mistari miwili, tarehe na ukubwa. Kama tarehe ni ya Februari, weka simu kwenye chaji sasa hivi.